Mbayuwayu wamejenga barazani na fundi wa rangi anakuja Jumamosi (uzi wa ndege wa msimu wa mvua, wa hapa hapa nyumbani)

Mkazi wa Lanet | Machi 24, saa 12:40 jioni

Wakuu, poleni na mvua na hongereni kwa mvua.

Niko barazani kwangu Lanet, Nakuru, chai imepoa na shingo inauma kwa kutazama juu. Juu ya mlango, pale ukuta unapokutana na dari, mbayuwayu wawili wanajenga. Nyumba hii nimeipanga mwaka wa sita sasa, na ni wiki hii tu nimevuta kiti nikatazama.

Wanachota tope kwenye dimbwi la barabarani, lile ambalo ploti nzima tumelilalamikia tangu mwaka jana. Kila anayekuja ana kidonge mdomoni, kidogo kuliko punje ya hindi. Anajishikiza ukutani kwa kucha, mkia ameukandamiza chini, kisha anakibandika kile kidonge kwenye ukingo na kukisukuma huku kichwa kikitetemeka upesi upesi, mpaka tope lishike. Anaondoka. Dakika haijaisha, mwenzake ameshafika. Tope la asubuhi ni jeusi, la jioni lina wekundu kidogo, kwa hiyo kiota kimeanza kuonyesha mistari kama kikapu. Na si bakuli wanalojenga. Ni kama kibuyu kilichopasuliwa ubavuni kikabandikwa ukutani, na leo wameanza kukitia shingo.

Wenyewe wana kichwa na kiuno cha rangi ya kutu, mgongo bluu iliyoiva hadi kuwa nyeusi, kifua cheupe chenye michirizi myeusi.

Sasa, mwenye nyumba amepanga fundi wa rangi aje Jumamosi. Keyateka, msimamizi wa ploti, ameshaniambia kiota kitatolewa kwa ufagio. Nina maswali mawili. Hawa ndio wale mbayuwayu wanaokwenda Ulaya? Maana wiki tatu zilizopita nyaya za stima hapa zilikuwa zimejaa mbayuwayu, mamia, halafu asubuhi moja nyaya zikawa tupu. La pili, nifanye nini kabla ya Jumamosi?

Na wengine mtuambie mnachokiona kwenu. Ukitaja ndege na Nakuru, watu wanafikiria heroe na kiingilio cha hifadhi. Mimi nataka kusikia ya nyuma ya jikoni.

---

Kijana wa 58 | Machi 24, saa 1:15 usiku

Bomoa mapema kabla hawajataga. Ukiacha, utaosha kinyesi mlangoni hadi mwezi wa nane. Nasema hivyo kwa sababu nimeosha.

---

Mwalimu Mstaafu, Njoro | Machi 24, saa 3:02 usiku

Ndugu wa Lanet, asante kwa kufungua uzi huu. Nitaanza na swali lako la kwanza, maana nimeulizwa na wanafunzi miaka na miaka.

Wako ni wa hapa. Hiyo michirizi ya kifuani na hiyo shingo ya kiota ndiyo kitambulisho. Wale wa kwenye nyaya ni wengine kabisa: koo jekundu, mkanda mweusi kifuani, chini weupe bila michirizi, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huyo hajengi Kenya. Anakuja mwezi wa tisa, wengine wanapitiliza hadi Afrika Kusini, na mwezi wa tatu na wa nne wanarudi kaskazini wakipitia kwetu. Uzito wake gramu 20 hivi. Weka vijiko vinne vya chai vya sukari kiganjani, umembeba.

Watu huniuliza kwa nini ahangaike kuondoka, wakati hapa wadudu wapo na baridi haiui. Jibu ni jua. Hapa tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12, Januari hadi Desemba. London mwezi wa sita mchana unazidi saa 16. Mzazi mwenye makinda matano anapata saa nne za ziada kila siku za kuwinda. Wazungu wakisema ndege wameleta majira ya kuchipua, ndege wenyewe walikuwa kwenye waya wako wiki chache zilizopita.

Na maandalizi yao yote tunayaona sisi. Hili ndilo nalipenda kuliko yote. Kuna yule mdogo anayetikisa mkia, anayetembea katikati ya miguu ya ng'ombe akidaka nzi. Januari anafanana na majani makavu, hutamtazama mara mbili. Mwezi wa pili anaanza kubadilisha manyoya, na kufikia katikati ya mwezi wa tatu dume ana kifua cha manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Nilikuwa na ng'ombe wawili, na kila asubuhi wakati wa kukama nilikuwa nawahesabu hao. Kumi na wawili, kumi na watano. Halafu siku moja ng'ombe wanatoka na hakuna anayewafuata. Nguo ya harusi amevalia kwetu, harusi ni Urusi au Ulaya ya mbali.

Yupo na mwingine huku kwenye mashamba ya ngano, wa kijivu, kiuno cheupe, anayekimbia hatua chache na kusimama wima juu ya donge la udongo. Jina lake la kisayansi ni Oenanthe oenanthe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vifaa vidogo walivyowafunga ndege hao huko Alaska. Waliokamatwa tena walikuwa wamekuja kukaa upande huu wa Afrika mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 14,000 kwenda tu. Ndege wa gramu 25. Tangu nisome hayo, nikimwona juu ya donge lake huwa nasimamisha baiskeli.

Swali la pili nakujibu kesho, macho yangu hayapendi simu usiku.

---

NyarDunga | Machi 25, saa 1:30 asubuhi

Habari za asubuhi, mwalimu, na wote. Mimi niko Kisumu, upande wa Dunga.

Kwetu ni kwera. Wa manjano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu. Mti wetu wa mbele umewabeba tangu nikiwa darasa la tatu, na kelele zake ndizo saa yangu ya kuamka. Nitawaeleza jambo moja tu nililolitazama vizuri mwaka jana nikiwa nyumbani na mtoto mchanga, kwa sababu nilikuwa na saa nyingi za kukaa dirishani.

Dume anatua kwenye jani la nepia la jirani, anang'ata ukingo karibu na shina, kisha anaruka mbele. Jani linachanika lenyewe na anaondoka na utepe mrefu kuliko yeye mara tatu. Kwenye tawi anaukanyaga kwa mguu mmoja, anauzungusha kwa mdomo, anaupenyeza chini, anauvuta upande wa pili. Kwanza ni fundo. Kisha pete, ambayo yeye mwenyewe anasimama ndani yake. Kutoka hapo hatoki katikati ya ile pete. Anasuka mbele yake mpaka anapofika mdomo wake, anageuka, anasuka nyuma. Ukubwa wa nyumba ni urefu wa shingo yake.

Ikiisha, ananing'inia chini ya mlango kichwa chini, anapiga mabawa na kuita. Jike anakuja, anaingia, anavuta uzi mmoja mmoja ndani akipima. Akitoka bila kurudi, na mwingine asirudi, na majani yakaanza kufifia kutoka kijani kuwa kahawia, dume anakifumua chote. Nilimwona mmoja akifumua viwili. Alikuwa akidondosha nyuzi chini na kuku wetu wakizitazama. Cha tatu kilipata mwenyewe, na nilifurahi nikamwamsha mume wangu kumwambia.

Nikiacha mti wetu, chini kwenye mafunjo kuna yule mwenye mgongo mweusi, tumbo jekundu na utosi wa manjano. Hatoki kwenye mafunjo, hana makao mengine. Unamsikia kwanza, dume anaanza na jike anajibu kwa haraka hivi kwamba utadhani ni mmoja. Mafunjo yakikatwa na kuchomwa pembeni, sauti inahamia ndani zaidi. Nikiwa msichana tulikuwa tunawasikia tukiwa tumekaa kwenye mitumbwi iliyopandishwa ufukweni. Sasa lazima uingie na mtumbwi.

---

Mkulima Ahero | Machi 25, saa 3:10 asubuhi

Dada wa Dunga, umeeleza vizuri lakini mwambie mwenye mpunga. Sisi tunaamia ndege kuanzia saa 11 alfajiri, debe na fimbo, mpaka giza. Ukienda kunywa uji ukirudi masuke yamebaki makapi.

---

NyarDunga | Machi 25, saa 3:25 asubuhi

Pole kaka. Najua kazi hiyo, mama yangu ameifanya. Lakini wanaokumaliza ni kwelea kwelea, wadogo wenye mdomo mwekundu, wanaokuja kama moshi. Kwera naye huonja, sikatai, ila makinda yake anayalisha wadudu kwa wingi.

---

Mkulima Ahero | Machi 25, saa 8:40 mchana

Kweli, moshi ndio hao. Ni haki niseme pia ya upande wa pili. Tukilima kwa trekta, yangeyange wanafuata nyuma weupe kama nguo zilizoanikwa, na nikishatia maji wanakuja makorongo weusi ambao mdomo haufungi katikati, una uwazi. Hao wanakula konokono. Nimesimama nikamtazama mmoja akimtoa konokono kwenye nyumba yake bila kuivunja. Sikuwahi kumfukuza hata mmoja.

Kinachoniuma ni habari za Bunyala, kwamba kuna watu wanawatega makorongo hao kwa konokono waliotiwa sumu ya wadudu, kisha nyama inaliwa na watu. Hilo si la kunyamazia.

---

Mwalimu Mstaafu, Njoro | Machi 25, saa 10:05 jioni

Ndugu wa Lanet, la pili. Usimkabili keyateka, yeye ametumwa. Mpigie mwenye nyumba. Mwambie utaweka ubao mwembamba ukutani, futi moja hivi chini ya kiota, wa kupokea kinyesi. Unaushusha na kuuosha kila wiki. Kijana wa 58 ana hoja, nawe uimalize kwa ubao. Fundi apake kila mahali aache kiganja kimoja kuzunguka kiota. Na rangi ya mafuta usikubali hapo, tope haliishiki.

Tafadhali usipande ngazi kuchungulia.

---

Mwana wa Shinyalu | Machi 26, saa 12:15 asubuhi

Nasoma uzi huu na huku anaita. Yule wa sauti tatu zinazoshuka, anarudia na kurudia hadi unasahau alianza lini. Kekeo mwenye kifua chekundu. Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa akimsikia tu anatoa jembe nje. Hakuna aliyempa kalenda, na mahindi yake hayakuchelewa.

Nimekua nikimsikia miaka thelathini kabla sijamwona kwa macho. Alikuwa juu ya mti mkavu, kijivu, mdogo kuliko sauti yake. Hana kiota. Jike lake linataga yai moja kwenye kiota cha ndege mwingine, hasa yule mwimbaji wa kwenye vichaka mwenye chini ya rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, anayetuimbia alfajiri na magharibi. Kinda la kekeo likianguliwa, bado kipofu, linasukuma mayai ya mwenye nyumba nje kwa mgongo.

Juzi nimeona mwimbaji akilisha kinda kubwa kuliko yeye, amesimama karibu begani mwake ili afikie mdomo. Nilishikwa na huzuni na bado sikuweza kuondoka. Wanangu waliniuliza kwa nini hamfukuzi. Niliwaambia anachokiona ni mdomo ulio wazi kwenye kiota chake.

---

Kijana wa 58 | Machi 27, saa 2:20 asubuhi

Mimi bado nasema kinyesi ni kinyesi. Lakini hebu niulize. Kuna mweusi na mweupe, mkia unatikisika, kila asubuhi anapigana na kioo cha gari langu. Kioo cha pembeni tu. Anataka nini?

---

Mwalimu Mstaafu, Njoro | Machi 27, saa 4:00 asubuhi

Anaona dume mwingine ndani yake, kijana wangu. Huyo ni ndugu wa wale wa manjano wa ng'ombe, ila yeye ni mkaaji, hasafiri. Akipigana hivyo mwezi huu, kiota chake kiko karibu nawe sana, pengine kwenye tundu la ukuta au chini ya mabati. Funika kioo kwa mfuko ukiegesha. Atapumzika naye apate nguvu ya kulisha.

---

Mkazi wa Lanet | Machi 29, saa 11:30 jioni

Mrejesho. Nilimpigia mwenye nyumba, akaja mwenyewe na fundi. Alisimama chini ya mlango robo saa nzima bila kusema. Halafu akaniambia kwao walikuwa wakijenga ndani ya jiko la mamake, na kwamba mamake alikuwa akiacha dirisha wazi usiku kwa ajili yao. Akamwonyesha fundi kwa mkono: hapa hadi hapa usiguse. Ubao nimeuweka. Shingo ya kiota imefika urefu wa kidole changu cha kati.

Jana saa kumi mvua ilikatika ghafla na kumbikumbi wakatoka kwenye nyasi za mbele. Mwalimu, ungekuwepo! Mbayuwayu wangu chini kabisa karibu na magoti yangu, kwera juu ya ua, mwewe wawili juu zaidi wakidaka kwa kucha na kula angani, na watoto wa ploti wote na sufuria. Nusu saa, yakabaki mabawa tu kwenye maji.

---

Mkazi wa Lanet | Aprili 17, saa 1:05 usiku

Wakuu, habari si nzuri. Wamekuja teleka wawili, weusi, wenye kiuno cheupe na mkia wa panda. Siku tatu wamekuwa wakipiga mbio mbele ya mlango wakipiga ukelele. Leo asubuhi nimekuta manyoya yametokeza kwenye shingo ya kiota, na mbayuwayu wangu wako kwenye waya. Jike, nadhani ni jike, alijaribu kuingia mara mbili akasukumwa nje. Nilichukua ufagio, kweli niliuchukua, nikaurudisha.

---

Mwalimu Mstaafu, Njoro | Aprili 17, saa 1:40 usiku

Umefanya vema kuurudisha. Teleka wa kiuno cheupe hivyo ndivyo anavyoishi, kiota chenye shingo cha mbayuwayu ndicho nyumba yake, anaongeza manyoya na kuyagandisha kwa mate. Hawezi kutua chini kuchota tope, miguu yake haimruhusu. Usiondoe kiti chako. Mvua bado ipo na dimbwi bado lipo.

Na ukisubiri, tembea. Kuna kazi ya kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima, Kenya Bird Map, iliyoanza 2013. Nchi imegawanywa miraba ya kilomita 9 kwa 9 hivi. Unachukua mraba wako, unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina uliyoiona au kuisikia kwa mpangilio, unatuma. Lanet yako inaingia. Kwera wa NyarDunga anaingia, na yule wa kioo cha gari.

---

Kijana wa 58 | Aprili 19, saa 1:10 asubuhi

Kiota nimekiona. Kiko kwenye bomba la chuma lililokatwa, juu ya mita za stima. Anaingia na wadudu mdomoni. Mfuko nimefunika.

---

Mkazi wa Lanet | Mei 2, saa 12:20 jioni

Wameanza tena! Upande wa pili wa baraza, juu ya dirisha la jikoni. Rangi ni mpya, vidonge vya kwanza viliteleza na kudondoka, nilihesabu kumi na moja sakafuni. Kisha wakapata msumari ambao fundi aliupaka rangi juu juu badala ya kuung'oa, na wameanzia juu ya msumari huo. Mwenye nyumba nimemtumia picha.

---

NyarDunga | Mei 2, saa 2:00 usiku

Nimemwamsha mume wangu tena.

---

Mkazi wa Lanet | Juni 20, saa 1:15 usiku

Wamekuwa watatu. Niliwasikia kabla sijawaona, sauti kama ya mtu anayesugua kioo kikavu, na kila mzazi akija ilipanda. Wiki iliyopita vichwa vilianza kuonekana kwenye shingo ya kiota, mdomo una pembe za manjano. Teleka wa upande wa mlango nao wanalisha, sijui ni wangapi, hawaonyeshi kitu.

Leo saa tatu asubuhi wa kwanza alikuwa nje kwenye waya. Sikumwona akitoka, nilikuwa namwaga maji ya vyombo. Saa sita walikuwa watatu, mikia mifupi, rangi ya kutu ya kichwani imepauka, wamebanana ingawa waya mzima ulikuwa wao. Mvua ndogo ikaanza, wakatulia hapo hapo na wazazi wakaendelea kuwapelekea. Walilishwa angani mara mbili, kinda akiruka kumkuta mzazi, mdomo kwa mdomo, halafu kila mmoja upande wake.

Sasa hivi wamerudi kulala. Nimewahesabu wakiingia mmoja mmoja. Wa mwisho hakuenea, mkia wake uko nje ya shingo ya kiota na kila baada ya muda unasogea.